Tuwaage Wazee Wetu Wangali Hai



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila nyumba hapa Machakos inalijua, lakini ambalo aghalabu huzungumzwa wakati wake umekwisha kupita. Jambo lenyewe ni kuagana na wazee wetu, yaani babu na nyanya zetu ambao tumejaliwa kuwa nao siku chache zaidi.

Kila mtu aliyekaa Ukambani amekwisha kuona mambo yanavyokwenda mzee anapofariki. Siku ile ile habari huenea kwa simu. Jioni ndugu hukutana, kamati huchaguliwa, na mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina hupewa kazi zao. Michango huandikwa katika daftari. Tangazo hupelekwa redioni ili majina ya watoto, wajukuu na vitukuu yasomwe moja moja. Hema hukodishwa, na viti, na vipaza sauti, na magari ya kuwaleta watu kutoka Nairobi na Mombasa. Siku ya mazishi wajukuu ambao hawajaonekana nyumbani kwa miaka mitatu husimama mbele ya watu, wamevaa nguo za rangi moja, na mmoja wao husoma kwa sauti ya huzuni jinsi marehemu alivyopendwa.

Sisemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Kumzika mtu kwa heshima ni wajibu, na umoja wa jamaa wakati wa msiba ni jambo la kusifiwa. Lakini nauliza swali moja tu, na kila msomaji ajijibu mwenyewe moyoni: katika fedha zile zote na siku zile zote, ni ngapi zilizotumika wakati mzee alipokuwa angali na macho ya kuziona?

Wazee wetu hawakuwa na kalenda ukutani. Miaka yao waliihesabu kwa njaa, na kila njaa iliyopita iliachiwa jina. Njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19, iliyoshika nchi toka mwaka wa 1897 hivi, waliiita Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Njaa ya mwaka wa 1961 waliiita Atta, yaani unga, kwa sababu watu waliponea unga wa msaada. Na njaa ya mwaka wa 1984 waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake ni kwamba mtu anakufa na huku ameshika. Alikuwa ameshika nini? Fedha. Fedha zilikuwa mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwako.

Jina hilo la mwisho limenifikirisha sana. Toka mwaka wa 2007 tumepata njia ya kutuma fedha kwa simu, nayo imewasaidia watu wa mashambani kuliko mambo mengi tuliyoahidiwa. Tena toka mwaka wa 2018 Serikali imewawekea wazee walioandikishwa, waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa kila mwezi. Haya yote ni mema. Lakini ukipita vijijini saa za magharibi utamkuta bibi mzee amekaa peke yake mlangoni, simu i mfukoni, fedha zimo ndani ya simu, na chungu cha mtu mmoja ki jikoni. Hakosi unga. Anachokosa ni mtu wa kula naye. Amepatwa na Nikw'a Ngwete ya namna nyingine: anakufa njaa ya watu, na huku ameshika fedha zetu.

Hata sheria ya nchi yalijua jambo hili. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Msomaji aangalie vema utaratibu wa maneno hayo. Jamaa wametajwa kwanza, Serikali inafuata. Mimi ni karani wa Serikali, nami naweza kushuhudia kwamba hakuna fomu ofisini ambayo mtu aweza kuijaza ili ofisi iende kukaa na nyanya yake badala yake.

Nitatoa mfano wa nyumba yetu, si kwa kujisifu, bali kwa kuwa ndio ninaoujua vizuri. Nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita susu kama ilivyo desturi ya Wakamba, alifariki mwezi wa Novemba 2023, wakati wa mvua zile kubwa za vuli. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tulijua umri wake kwa sababu mama yake alimwambia kwamba alikuwa mtoto wa mgongoni mwaka ule wa ng'ombe. Mwaka huo ni 1938, Serikali ya Waingereza ilipotaka kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, na watu wa hapa, wanaume kwa wanawake, wakaongozwa na Muindi Mbingu kwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize. Muindi alikamatwa akahamishwa mpaka Lamu, lakini amri ile ya kuchukua ng'ombe iliachwa. Susu alisafiri safari ile pasipo kujua, amefungwa mgongoni mwa mama yake.

Mwezi wa Septemba mwaka ule wa 2023 alilazwa hospitali. Baada ya siku kumi daktari alituita, akatueleza kwa upole kwamba moyo wa mgonjwa umechoka, na kwamba angekuwa na raha zaidi nyumbani kwake. Tukamrudisha. Jioni ile baba yangu, aliye mwanawe wa kwanza, aliwakusanya jamaa wote akasema: "Kamati ya mazishi hatutaichagua leo. Leo tuchague kamati ya kukaa na mama angali hai."

Basi tukafanya kama tulivyozoea kufanya kwa ajili ya msiba. Tulichagua mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Zamu ziliandikwa katika daftari: kila Jumamosi na Jumapili nyumba mbili ziwe pale, na kila mjukuu aje na watoto wake. Michango ilikuwa ya nauli kwa wale wasio na kitu, na ya maziwa, sabuni na kuni. Zamu hizo zilidumu majuma saba.

Mambo yaliyofanyika katika majuma hayo hayakuwa makubwa. Asubuhi tulimtoa nje akae juani. Shangazi zangu walichambua mbaazi karibu naye, naye akawakosoa. Alitaka muthokoi upikwe kwa kuni wala si kwa makaa, kisha akala vijiko viwili akasema inatosha. Mimi nina jina la mumewe, kwa maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo toka utoto wangu aliniita mume wake, na mbele ya mke wangu aliniuliza kwa nini nimeoa mwanamke mwingine pasipo kumpa habari. Alinitania hivyo hata siku zile ambazo sauti yake ilikuwa haisikiki ila kwa kumwinamia.

Kila mtoto mdogo aliyefika alimshika mkono, akamwuliza: "Wewe u nani? Baba yako ni nani? Na baba wa baba yako?" Baadhi ya watu walidhani amesahau. Hakusahau hata mmoja. Alitaka kusikia kama watoto wanajua. Aliyetaja vizazi vitatu alisifiwa. Aliyekwama alifundishwa pale pale, akarudia mpaka akajua.

Jumamosi moja aliomba apelekwe shambani, nasi tukambeba katika kiti. Shamba letu lina matuta yanayozunguka kilima toka juu hadi bondeni. Sisi tulizaliwa tukayakuta, hata tukayaona kama sehemu ya kilima chenyewe. Susu alitueleza jinsi yalivyopatikana. Alisema kwamba alipokuwa mtoto watu walilazimishwa kuchimba, wakachimba bila moyo, na mvua ikayabomoa matuta yale membamba. Baadaye wanawake waliungana katika mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, leo shamba la huyu, kesho la yule. Walichimba mfereji wakaurusha udongo upande wa juu, na ndiyo sababu matuta hayo huitwa fanya juu mpaka leo. Alinyosha kidole akasema: "Tuta lile la tatu nilichimba nikiwa na mimba ya baba yako. Jiwe lile nililivingirisha mimi. Mkiacha majani ya ukingoni yafe, mvua itabeba kila kitu, na jasho letu litakwenda Athi."

Wale waliosoma vitabu wanajua kwamba maneno hayo si hadithi ya mtu mzee tu. Mwaka wa 1937 mtaalamu wa udongo, Colin Maher, aliandika taarifa ya kusikitisha juu ya ardhi ya Machakos jinsi ilivyoharibika kwa mmomonyoko. Mwaka wa 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya wilaya hii kama ilivyokuwa zamani, pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba watu waliongezeka toka kama 240,000 katika miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka wa 1989, na hata hivyo ardhi ilitunzwa vizuri kuliko zamani. Sababu moja kubwa ilikuwa matuta. Kitabu hicho ni kizuri, nami namshauri kila mkulima akipata nafasi aulize habari zake. Lakini hakikusema ni nani aliyelivingirisha jiwe lile la tuta la tatu. Habari hiyo ilikuwa katika kichwa kimoja tu duniani, na kichwa hicho kilikuwa kimebakiwa na majuma machache.

Siku mbili kabla ya kufariki alitaka tukae karibu. Akatutemea mate kidogo viganjani, ndiyo baraka ya wazee wa Kikamba, akasema: "Nimewaona nyote. Shamba msiligombee." Alikata roho usiku, shangazi yangu akiwa amemshika mkono. Mazishi yake hayakuwa makubwa. Watu walilia sana, kwa maana kifo hakizoeleki. Lakini kati ya wale waliolia sikumsikia hata mmoja akisema, "Laiti ningalifika mapema."

Si nyumba zote zinazopata nafasi ya namna hiyo. Namfahamu karani mmoja, mtu wa huruma na mwenye bidii, ambaye alimtumia babu yake fedha kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Babu akafa ghafula. Haukupita mwaka, ukatokea ugomvi wa mpaka. Mti uliokuwa alama ulikuwa umekatwa zamani, na mtu wa mwisho aliyejua shina lake lilipokuwa alikuwa yule babu. Karani alikuwa na ushahidi wa kila shilingi aliyotuma, umo ndani ya simu yake. Neno la babu juu ya mpaka hakuwa nalo hata moja. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wawepo watu wa kulisikia neno lenyewe.

Marehemu Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango katika Kitui mwaka wa 1931 na kufariki Uswisi mwaka wa 2019, alitoa mwaka wa 1969 kitabu kilichosomwa dunia nzima juu ya dini na fikira za Waafrika. Humo aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayatumia kueleza habari za wafu. Kwa maelezo yake, mtu akifa haondoki mara moja katika Sasa. Maadamu yuko mtu aliyemjua, anayeweza kumtaja kwa jina lake, marehemu huyo ni kama yu hai bado katika jamaa. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo marehemu huingia katika Zamani.

Msomaji aweza kukubaliana na mafundisho hayo ama asikubaliane, kwa kadiri ya imani yake. Lakini hebu na tufanye hesabu, kwa kuwa makarani na wakulima sote twaijua hesabu. Mtoto wa miaka sita aliyeshikwa mkono na susu mwaka wa 2023, akijaliwa umri kama wa susu, atakuwa hai mwaka wa 2100. Siku hiyo ataweza kusema, "Nilimwona kwa macho yangu. Mkono wake ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe, naye aliniuliza jina la baba wa baba yangu." Hivyo mtu aliyebebwa mgongoni mwaka wa 1938 atatajwa na mtu aliyemwona mwishoni mwa karne hii. Na bei ya kumfikisha huko ilikuwa nini? Nauli ya mtoto mmoja, toka mjini mpaka kijijini, siku ya Jumamosi.

Najua majibu ya wasomaji wengi. Mmoja atasema kazi ni nyingi, mwingine atasema nauli imepanda, mwingine yuko mbali. Majibu hayo yana ukweli ndani yake. Walakini toka Nairobi mpaka mji wa Machakos ni kilomita 65 hivi, nao watu wa mwaka 1938 walikwenda kudai ng'ombe wao pasipo kuuliza kama safari ni ndefu. Na yule aliye mbali kweli kweli, mathalani anayefanya kazi Saudi Arabia au Qatar, anaweza kupiga simu. Ila asipige kuuliza tu kama fedha zimefika. Amwulize mzee jana alikula nini, na nani alipita kumwona, na mvua ya kwanza ilinyesha upande gani. Mzee akiulizwa mambo kama hayo hujua kwamba angali anahesabiwa kuwa mtu.

Basi napenda kutoa mashauri machache kwa wale ambao wazee wao wangali hai.

Kwanza, tuchague siku, tuiandike. Kusema "nitakuja" si kuweka siku. Jamaa wakiweza kuandika zamu za mkutano wa mazishi, wanaweza pia kuandika zamu za kumtembelea aliye hai.

Pili, twende na watoto. Mtoto anayemjua nyanya yake kwa picha tu hatakuwa na la kumwambia mwanawe. Tena tusiwaogope watoto kwa kelele zao. Kelele hizo ndizo mzee alizozikosa.

Tatu, tuulize na kuandika. Tuulize majina ya waliotangulia, njaa walizoziona, jinsi shamba lilivyopatikana, na nyimbo za kazi. Simu zetu zinaweza kushika sauti yenyewe. Lakini tuulize kwa adabu na polepole, tukiwa tunasaidia kazi, kwa maana mzee si shahidi wa kuhojiwa mahakamani.

Nne, mambo ya ardhi yasemwe mapema na mbele ya mashahidi. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka wa 1981 hukubali wosia wa mdomo uliosemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini ikiwa tu aliyeusema alifariki katika miezi mitatu tangu siku ile. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa na watu wawili haufungwi na muda huo, kwa hiyo ni afadhali kuandika. Jambo hili lisifanywe kwa pupa, wala na mjukuu mmoja kwa siri. Lifanywe mchana, jamaa wakiwapo, na mzee mwenyewe akitaka.

Tano, siku za mwisho zikifika, tusimfiche mgonjwa kwa maneno matupu. Wazee wengi wanajua hali yao kuliko sisi. Tukae, tushike mkono, tuseme asante kwa jambo fulani lililo wazi: karo aliyolipa kwa kuuza mbuzi, usiku aliokesha na sisi tulipougua, kiondo alichotusukia tulipokwenda shule. Asante isemwayo mbele ya jeneza inasikiwa na kila mtu, isipokuwa yule anayestahili kuisikia.

Mwisho wa mwezi hauko mbali. Mshahara utakapoingia, au mahindi yatakapouzwa, kila mtu ana orodha ya mambo anayotaka kuyalipia. Mwenye babu au nyanya aliye hai aandike nauli ya kwenda nyumbani mwanzo wa orodha hiyo, kabla ya vitu vingine, wala asingoje sikukuu.